Nyuzi Tatu za Kiondo

Mwezi Oktoba 1890 Frederick Lugard, afisa wa Kiingereza, alipiga kambi Dagoretti akiwa njiani kwenda Uganda. Alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa hapo, akajenga boma, kisha akaendelea na safari yake. Vitabu vya historia vinakisimulia vizuri kiapo hicho, na boma lililotelekezwa na kuchomwa mwaka uliofuata, na Waiyaki kufia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani akiwa mfungwa. Kuhusu chakula cha wapagazi vinasema kidogo tu. Ilhali misafara ya enzi hiyo ilisimama Dagoretti kwa sababu ya chakula: maharagwe, njahi, viazi vitamu, ndizi, unga. Mbele yao kulikuwa na Bonde la Ufa, na huko asiye na akiba alilala njaa.

Chakula hicho kilifika kambini migongoni mwa wanawake, ndani ya vyondo. Kiondo cha siku hizo hakikuwa mfuko wa begani. Kilikuwa kapu kubwa laini, la mviringo, lisilo na mikono, lililobebwa mgongoni kwa mkanda wa ngozi uitwao mukwa, unaopita juu ya kichwa. Mukwa huo uliacha alama. Ukikutana na bibi wa Kikuyu aliyebeba kuni na viazi tangu usichana wake, utaona bonde dogo lililopita utosini mwake kutoka upande hadi upande. Ni hati ya kazi ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Kabla hata ya misafara ya Wazungu, wanawake wa Kikuyu wa kusini walikuwa na biashara yao na Wamaasai. Walishuka kwa vikundi wakiwa na unga, tumbaku na vibuyu, wakarudi na ngozi na kondoo. Hata pale wanaume wa pande mbili walipokuwa wakiuana kwa ajili ya ng'ombe, mara nyingi wanawake hao waliachwa wapite. Godfrey Muriuki aliieleza biashara hiyo katika kitabu chake cha historia ya Wakikuyu kilichotoka mwaka 1974, na Claire Robertson akaifuatilia hadi kwenye masoko ya Nairobi katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake na biashara ya jiji hili. Ukivisoma vyote viwili utagundua kwamba nyuma ya kila gunia la maharagwe lililowahi kuingia Nairobi kulikuwa na kapu, na nyuma ya kapu kulikuwa na kazi ya mikono iliyochukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Ardhi hiyo ya Dagoretti ndiyo leo tunaiita Riruta, Kawangware, Waithaka, Mutuini na Uthiru. Anayeshuka kwenye steji ya Riruta Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha, anatembea juu ya mashamba yaliyolisha misafara.

Uzi wa kwanza wa kiondo ulitoka porini. Wakikuyu walitumia gome la kichaka kiitwacho mugio. Fito zilikatwa, gome likabanduliwa, ganda la nje likatolewa, zikabaki nyuzi zilizoanikwa hadi zikakauka. Upande wa Ukambani, kwenye ukame, walitumia gome la mbuyu, nao walisifika kwa vyondo vya uzi mwembamba. Kote kuwili uzi ulisokotwa pajani. Mwanamke huweka nyuzi mbili sambamba juu ya paja, akaziviringisha kwa kiganja kuelekea goti hadi kila mmoja ukaze, kisha akakirudisha kiganja nyuma ili zijipinde zenyewe na kuwa kamba moja. Hana pia ya kusokotea wala gurudumu. Kazi hiyo ya kusokota hula saa nyingi, na asiyeijua hudhani kiondo ni kusuka tu.

Kusuka kunaanzia kitakoni. Kamba za mtande, yaani zile zitakazosimama wima, hupishana katikati na kutawanyika pande zote. Halafu uzi wa mshindio, ambao daima ni jozi, hupitishwa kwa kuzunguka: mmoja mbele ya mtande, mwenzake nyuma, zinapindana, zinabadilishana, zinaufuata mtande unaofuata. Kitako kinapopanuka, mtande mpya huongezwa ili pasiwe na mwanya. Kikifika upana unaotakiwa, msukaji huacha kuongeza na ukuta wa kiondo huanza kupanda wenyewe. Hakuna mshono popote. Wala hakuna fremu au sindano. Kuna vidole, na macho ambayo baada ya muda hayahitajiki tena. Ndiyo maana mwanamke aliweza kusuka akitembea kwenda shamba, akisikiliza kesi ya jirani, akimsubiri mtoto alale.

Watu wa pwani wana njia yao nyingine kabisa. Wao husuka ukili mrefu wa ukindu au miyaa, kisha wakaushona kwa kuuzungusha hadi utoke mkeka au kikapu. Aliyezoea ukili akishika kiondo kwa mara ya kwanza huutafuta mshono, asiuone.

Njia ya kiondo, ya jozi ya nyuzi kuukumbatia mtande, ina ndugu mbali sana. Kusini-mashariki mwa Alaska, kwenye visiwa na ghuba za mvua isiyokatika, wanawake wa Tlingit walisuka vikapu vyao kwa kanuni hiyo hiyo. Uzi wao ulikuwa mizizi ya sprusi wa Sitka, mti wa jamii ya misonobari. Mizizi ilichimbwa, ikapitishwa motoni ili gome libanduke, kisha ikapasuliwa hadi ikawa myembamba. Walisuka kwa kubana kiasi kwamba kikapu kiliweza kushika maji, na chakula kikachemshwa humo kwa kutumbukiza mawe yaliyochomwa motoni. Nakshi ziliwekwa kwa majani ya nyasi yaliyotiwa rangi, yakizungushwa kwenye mshindio upande wa nje tu, hivyo ukichungulia ndani ya kikapu huzioni.

Tangu miaka ya 1880 meli za watalii zilianza kupita kwenye njia za maji za Alaska, na wanawake wa Tlingit wakakaa karibu na gati za miji kama Sitka wakiuza vikapu. Baada ya muda mfupi rangi za dukani zikaingia mahali pa zile za mimea, vikapu vikapungua ukubwa ili viingie kwenye sanduku la msafiri, na chupa za kioo zikaanza kuvishwa ngozi ya mizizi iliyosukwa. Mwaka 1903 George Emmons, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, alichapisha kitabu kuhusu usukaji huo kupitia makumbusho makubwa ya New York. Miaka 7 baadaye, mwaka 1910, W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine walichapisha London kitabu kuhusu Wakikuyu, baada ya kuishi upande wa Nyeri, na ndani yake waliweka picha na maelezo ya kazi za mikono. Kitabu hicho walikipa jina linalowaita Wakikuyu watu wa kabla ya historia. 

Mkasa ni mmoja. Afisa au msafiri anafika wakati utawala mpya umekwisha kushika nchi, anaamini kwamba anachokiona kitakufa karibuni, anakusanya. Kwa Wakikuyu wa kusini dhana hiyo haikuwa ya ajabu kiasi hicho. Kati ya mwaka 1897 na 1899 njaa kuu, ndui na tauni ya mifugo vilifyeka watu, na Dagoretti na Kabete zilipigwa vibaya. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 ikakuta mashamba mengi hayana mtu, na serikali ya kikoloni ikayahesabu mashamba hayo kuwa ardhi tupu. Lakini wakusanyaji walikosea jambo moja: hawakutambua kwamba kiondo si kitu cha kuhifadhiwa. Kilibebwa hadi kikaoza, kikatupwa, kikasukwa kingine. Ndiyo sababu ukitaka kuona kiondo cha mugio cha mwaka 1905 una nafasi nzuri zaidi ghalani mwa makumbusho ya Ulaya kuliko Riruta, na sababu hiyo haitokani na wizi peke yake. Kule kiliacha kutumika siku kilipopewa namba. Huku kiliendelea kufanya kazi yake hadi mwisho.

Uzi wa pili ulikuja na meli, na hesabu yake ni ya kushangaza. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea huo ni Meksiko. Miche mingi ilikufa njiani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanganyika, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mkonge ulikuwa umeingia Kenya pia, kwenye mashamba ya walowezi kama Punda Milia karibu na Makuyu. Mkonge uliletwa kwa ajili ya kamba za meli na magunia. Hakuna aliyepanga kwamba utamfikia mwanamke anayesuka kiondo.

Ukamfikia. Kwenye mashamba ya walowezi walifanya kazi Wakikuyu na Wakamba, na miche ikahamia vijijini, ikapandwa mipakani mwa mashamba kuzuia mbuzi na mmomonyoko. Machakos mpaka leo ukipita utaona safu zake. Ukilinganisha na mugio, mkonge ulikuwa neema: jani moja refu linatoa nyuzi ndefu, nyeupe, nyingi. Unaliburuza juu ya gogo na kulikwangua kwa panga au kisu, nyama ya kijani inatoka, unaosha, unaanika. Adhabu yake ni maji yake, ambayo yakigusa ngozi yanawasha kama upupu. Na kwa kuwa uzi ni mweupe, unapokea rangi. Kiondo cha mugio kilikuwa cha kahawia, pengine na mstari mmoja au miwili. Kiondo cha mkonge kiliweza kuwa na mistari ya zambarau, chungwa na kijani, kwa rangi za unga zilizouzwa kwenye maduka ya Wahindi.

Hapa baadhi ya wapenda asili husikitika. Wanasema rangi ya dukani iliharibu kiondo, kama vile baadhi ya wanunuzi walivyolalamika kwamba rangi mpya ziliharibu vikapu vya Tlingit. Mimi simwelewi anayelalamika hivyo. Mwanamke wa Kabete wa mwaka 1930 hakuwa mlinzi wa makumbusho. Alipata zambarau, akaipenda, akaitia.

Jomo Kenyatta, katika kitabu alichochapisha London mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, aliuweka usukaji wa vikapu pamoja na uhunzi, ufinyanzi na utengenezaji wa ngozi, akaueleza kuwa kazi ya wanawake. Mgawanyo huo ulikuwa mkali. Mwanamume kusuka kiondo lilikuwa jambo la kuchekwa. Lakini mkanda wa ngozi ulikuwa kazi ya mwanamume, na tutauona mgawanyo huu ukirudi jijini kwa sura nyingine.

Tuvuke kidogo kwenda Kibera, umbali wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Riruta. Huko kulikuwa na wasukaji wengine ambao waandishi wa kiondo huwasahau, na waliletwa na Lugard yule yule. Mwaka 1891, baada ya kupita Dagoretti, alifika Kavalli karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliobaki kutoka jeshi la Emin Pasha pamoja na wake zao na watoto wao. Askari hao na vizazi vyao waliishia kwenye jeshi la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao wakapewa kukaa kwenye msitu kusini-magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1918 sehemu hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Ndiyo Kibera, au Kibra kama Wanubi, yaani vizazi vya askari hao, wanavyoiita wenyewe.

Wanawake wa Kinubi walikuja na ufundi wa tabaga: sinia na vifuniko vya chakula, kazi moja na ya kawa ya pwani, vyenye rangi kali za duara ndani ya duara. Ufundi wake si wa jozi inayokumbatia mtande. Ni msokoto mmoja wa majani makavu unaozungushwa kama konokono, kila mzunguko ukifungwa kwa uliotangulia. Tabaga haikwenda sokoni kubeba viazi. Ilikaa ndani ya nyumba, ukutani na juu ya meza, na siku ya harusi au Idi ilifunika chakula cha wageni. Wakati kiondo kilikuwa kikibadilika kila muongo, tabaga ilihitajika ibaki vile vile, kwa sababu watu hawa waliishi miongo mingi wakiambiwa kwamba si wa hapa. Walipewa ardhi kwa mdomo na kwa kibali, wakakataliwa hati. Kesi yao ilifika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iliamua kwa upande wao mwaka 2015, na mwezi Juni 2017 serikali ilitoa hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Linganisha na 4,197. Kwenye shughuli za kitamaduni za Wanubi katika miaka hiyo yote, tabaga zilikuwa mstari wa mbele.

Turudi Dagoretti. Miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, ilipita juu ya wasukaji kama ilivyopita juu ya kila mtu. Operesheni Anvil, msako wa jeshi la Waingereza wa Aprili 1954, iliwafagia Wakikuyu kutoka Nairobi kwa maelfu. Vijijini zaidi ya watu milioni moja wa jamii hiyo walisukumwa kwenye vijiji vya lazima, wanawake wakachimbishwa mahandaki. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, kilifundisha kufuma sweta na kuoka keki. Baada ya uhuru chama hicho hicho kilikuja kuuza vyondo.

Mabadiliko makubwa kwa Riruta yalikuja kimya kimya mwaka 1963, mipaka ya jiji ilipopanuliwa na Dagoretti, iliyokuwa sehemu ya Kiambu, ikaingizwa Nairobi. Ardhi ya Kibera ilikuwa ya serikali. Ardhi ya Kawangware na Riruta ilikuwa ya koo na familia za Kikuyu zilizokuwa na shamba zao, na wenye shamba waligundua upesi kwamba chumba cha mabati kinalipa kuliko viazi. Ploti zikakatwa, vyumba vikajengwa, wapangaji wakaja kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na Murang'a. Kila ploti iliyojengwa ilikula ua wa mkonge. Kufikia miaka ya 1980, mwanamke wa Riruta aliyetaka kusuka alilazimika kununua uzi ambao mama yake aliukata nyuma ya nyumba.

Wakati huo huo kiondo kilikuwa kinaelekea kuwa maarufu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi, ambapo sanaa na kazi za mikono za Afrika ziliuzwa kama vitu vya thamani. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol alianzisha Undugu Society, iliyofanya kazi na watoto wa mitaani na vitongoji duni, nayo ikaja kuuza kazi za mikono nje ya nchi. Vikundi vya wanawake vya Machakos vilikuwa tayari na desturi ya kufanya kazi kwa pamoja, mwethya. Bei ya mkonge duniani ilikuwa imeanguka kwa sababu kamba za plastiki ziliingia, hivyo mkonge ulikuwa wa bei nafuu na mikono ilikuwa mingi. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake wa Marekani na Ulaya walikuwa wanabeba kiondo begani kwenda ofisini.

Begani! Hapo ndipo umbo lilipogeuka. Mnunuzi wa ng'ambo hakuwa na mukwa wala mzigo wa viazi. Alitaka mikanda miwili ya ngozi, kitambaa cha ndani, kifungo, pengine zipu. Kiondo kikapungua, kikakazwa, kikasimama wima mezani kama ndoo. Kazi ikagawanyika upya: mwanamke anasuka Machakos au Kiambu, mchuuzi ananunua kwa dazeni, mwanamume kwenye soko la Kariokor, lile lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita, anashonea ngozi. Aliyeshona ngozi alikuwa karibu na mteja na aliijua bei ya mwisho. Msukaji hakuijua.

Kisha soko likaanguka. Viwanda vya Mashariki ya Mbali vilianza kutoa vikapu vinavyofanana kwa mashine na kwa nyuzi za bandia, kwa bei ambayo paja na kiganja haviwezi kushindana nayo. Miaka ya 2000 magazeti ya Nairobi yaliandika kwamba Wajapani wamechukua hataza ya kiondo, na habari hiyo imerudiwa kwenye makongamano hadi imekuwa kama sala. Binafsi naona imetupotezea muda. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na kiondo si kipya popote duniani. Wajapani wasingehitaji hataza kutushinda, walihitaji mashine na meli. Kisa cha kikoi kilikuwa na mashiko zaidi: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la vazi hilo kuwa alama yake ya biashara, wanaharakati wa Kenya na Uingereza wakapinga, na ombi likashindwa. Kenya ilikuja kutunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Wakati sheria hiyo inapitishwa, wasukaji wa Taita, ambao nao wana kikapu chao cha mkonge, walikuwa wamekwisha kuchukua njia ya chini kwa chini: kusajili alama ya pamoja ya biashara ili kikapu cha Taita kijulikane kwa jina lake. Haikupigiwa tarumbeta, lakini ndiyo iliyomfaa msukaji.

Uzi wa tatu ndio unaoonekana Riruta Satellite sasa. Mitumba ilipofunguliwa mlango mapema miaka ya 1990, sweta za Ulaya zilijaa kwenye masoko ya Gikomba, Toi na Kawangware. Sweta iliyochakaa hainunuliki, ila ukiifumua inatoa uzi wa rangi iliyokwisha kupikwa na kiwanda, laini, usiowasha mkono. Magunia ya nailoni nayo yalifumuliwa. Halafu yakaja mabunda ya uzi wa manila madukani. Mwanamke anayeuza mboga kwenye kibanda chake asubuhi ana bunda la manila kwenye mfuko wa aproni na kitako cha kiondo mkononi. Mteja akija anakiweka juu ya sukuma wiki, akiondoka anakiinua. Hasokoti tena pajani. Hatua iliyokula saa nyingi kuliko zote imefutwa, na ile iliyobaki, jozi kuukumbatia mtande, ni ile ile ya mwaka 1890. Na kwa kuwa Kawangware ni ya kila mtu, anayesuka si lazima awe Mkikuyu au Mkamba. Wako Waluhya waliofundishwa na jirani wa ploti, na wako wasichana waliofundishwa kanisani na bibi za wenzao.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikuwa ameipigia kelele mifuko hiyo miaka zaidi ya 10 kabla, akafariki mwaka 2011 bila kuiona siku hiyo. Wiki za mwanzo jiji zima lilihangaika. Watu walibeba nyama kwenye magazeti na nyanya kwenye kofia. Vyondo vilitoka juu ya makabati, na wasukaji waliokuwa wamezoea kungoja mtalii wa Maasai Market wakajikuta wanamuuzia jirani. Mifuko ya kitambaa cha bei rahisi ilifuata na kula sehemu kubwa ya soko hilo, lakini si yote, kwa sababu kiondo kina mteja ambaye mfuko haumfai.

Mteja huyo ni ruracio. Familia ya Kikuyu ikienda kutoa mahari au kupokea wageni, wanawake huingia wakiwa wamebeba vyondo vilivyojaa unga, sukari, ndizi na vingine, wengine wakivining'iniza kichwani kwa mkanda hata kama wameshukia gari getini. Huko rangi zinalinganishwa na sare za kina mama, na kiondo kinaagizwa wiki kadhaa kabla. Nimewasikia wazee wakinung'unika kwamba kiondo cha manila si kiondo. Kina mama wenyewe huwa hawajibu. Wanaendelea kupanga vyombo.

Mwaka 2021 Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yaliandaa maonyesho yaliyotokana na mradi wa pamoja na makumbusho mawili ya Ujerumani na wasanii wa Kenya. Mradi huo ulikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye taasisi 30 nje ya nchi. Sehemu ya maonyesho ilikuwa makabati matupu, yakionyesha visivyokuwepo. Wengi walidai virudishwe, na wana haki. Lakini kwenye kadi za makumbusho za enzi hizo mara nyingi utakuta jina la aliyekusanya na tarehe aliyokusanya, bila jina la aliyesuka, na kiondo kinachorudi bila jina hilo kinarudi nusu.

Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa makumbusho yetu, na gharama yake ni nauli ya matatu. Mtumeni mtu Riruta anunue kiondo kimoja cha manila kwa bei ya sokoni, bila kubembeleza ipungue. Aandike kwenye kadi jina la msukaji jinsi mwenyewe anavyotaka liandikwe, duka alikonunua uzi, ni nani aliyemfundisha, na ni muda gani aliutumia kati ya mteja mmoja wa mboga na mwingine.